Vihisi 300 mashambani Tabora: maliza mezani kabla ya kwenda porini

Kihisi kimoja kikichukua dakika 25 kufungwa, hakuna atakayelalamika. Vihisi 300 vya namna hiyo ni saa 125, na kwa timu mbili zinazofanya kazi saa saba kwa siku, ni siku tisa za kuinama juani. Ukishusha hadi dakika 12 kwa kihisi, zinabaki saa 60, yaani siku nne na kidogo. Dakika hizo 13 haziokolewi kwa kukimbizana shambani. Zinaokolewa mezani, siku nyingi kabla pikipiki haijawashwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika mjini.

Tuchukue mtandao wa kupima unyevu na joto la udongo katika eneo la kilomita 12 kwa 10, nchi ya aina utakayoikuta Uyui, Sikonge au Urambo: tumbaku na mahindi juu kwenye kichanga, mpunga chini mbugani kwenye udongo mweusi, na miombo katikati. Kila kihisi kinatuma ujumbe kila baada ya dakika 30. Tunatumia LoRaWAN, mtandao wa vifaa vidogo unaotumia redio ya masafa marefu iitwayo LoRa, kwa sababu kifaa kinachotuma kwa miliwati 25 tu kinasikika kilomita kadhaa, na hakuna haja ya laini 300 za simu za kuongezewa salio.

Kabla ya kuagiza chochote

Anzia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hao ndio wasimamizi wa masafa nchini na ndio wanaoidhinisha vifaa vya redio, kwa hiyo waulize kuhusu bendi na kuhusu modeli kabla hujalipa. Vifaa vya LoRa huuzwa kwa bendi tofauti. Kifaa cha 915 MHz ulichopata kwa bei nzuri hakiwi kizuri cha 868 MHz kwa kubadilisha programu tu, maana antena yake na saketi ya mbele vimepimwa kwa bendi ile. Namba zote zinazofuata ni za mpangilio wa 868.

Kisha fanya hesabu ya muda wa hewani. Wengi huiruka, na mtandao huja kuwalemea walipofikisha kifaa cha mia. LoRa ina ngazi sita za kutuma, SF7 hadi SF12. Kila ukipanda ngazi, ujumbe unafika mbali zaidi lakini unakaa hewani karibu mara mbili ya muda wa awali. Ujumbe wenye data ya baiti 10 unakaa hewani milisekunde 62 kwa SF7, milisekunde 371 kwa SF10, na milisekunde 1,483, karibu sekunde moja na nusu, kwa SF12. Vihisi havipokezani zamu. Kila kimoja hutuma kinapoamka. Viwili vikitumia chaneli moja na ngazi moja kwa wakati mmoja, mara nyingi ujumbe mmoja au zote mbili hupotea.

Vihisi 300 vikituma mara 48 kwa siku ni jumbe 14,400. Vyote vikiwa SF12 kwenye chaneli tatu za msingi, kila chaneli inakuwa na shughuli zaidi ya asilimia 8 ya siku nzima, na takriban ujumbe 15 katika kila 100 utapotea kwa kugongana. Vikiwa SF10, upotevu unashuka hadi kama 4 katika 100. Vikiwa SF7, haufiki hata mmoja. Sasa chukua mtandao uleule wa SF12, meneja aseme anataka data kila dakika 5: zaidi ya nusu ya jumbe zinapotea, na kununua antena kubwa hakutasaidia chochote, kwa sababu tatizo si umbali. Ni msongamano.

Hapo ndipo unapaswa kupangia fedha. Geitiwei moja ya ziada, yaani kituo kingine cha kupokelea, inavileta vihisi karibu, vinashuka ngazi, hewa inapungua msongamano na betri zinadumu. Mtu anayebana matumizi kwa kuweka geitiwei moja na kupandisha vihisi vyote SF12 atayalipa yote aliyookoa kwa betri na mafuta ya pikipiki.

Hakikisha pia chaneli zote nane za geitiwei zinatumika. Kihisi huanza na chaneli tatu. Tano za ziada hupewa na seva, kompyuta inayoendesha mtandao, wakati kinapojiunga nao, ikiwa tu umeziweka kwenye mipangilio ya seva. Ukisahau, una barabara ya njia nane na magari yote yamebanana kwenye tatu.

Ujumbe wenyewe uwe wa baiti, usiwe maandishi. Unyevu wa kina cha kwanza baiti 2, wa kina cha pili baiti 2, joto la udongo 2, joto la hewa 2, volti ya betri 1, hali ya kifaa 1: jumla 10. Data hiyohiyo ikiandikwa kwa JSON, yaani kama maandishi yenye jina la kila kipimo, inapita baiti 60, na kwa SF10 hadi SF12 kikomo ni baiti 51, kwa hiyo vihisi vya mbali, vile unavyovihitaji zaidi, ndivyo vitakavyonyamaza. Na usiviwekee vihisi vyote agizo la kuomba uthibitisho wa kila ujumbe. Geitiwei ikiwa inatuma majibu haisikii kitu kingine chochote wakati huo.

Geitiwei: urefu kwanza, antena baadaye

Tabora ni uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, bila milima ya kupandia. Urefu utautengeneza mwenyewe, kwa mlingoti, au kwa kuomba nafasi kwenye tangi la maji, jengo la shule au mnara uliopo.

Usiamini karatasi ya muuzaji inayosema kilomita 15. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili. Kwa kilomita 5 kwenye 868 MHz, katikati yai hilo lina nusu kipenyo ya karibu mita 21, na angalau asilimia 60 yake, mita 12 na nusu, inatakiwa iwe wazi. Mlingoti wa mita 20 na kihisi kilichokaa mita moja na nusu vinaupitisha mstari wao wa katikati kwenye mita 11 hivi juu ya ardhi, pale pale yalipo majani ya miombo. Kwa nchi hii panga kilomita 4. Ligawe eneo lako la 12 kwa 10 katika robo nne, weka geitiwei katikati ya kila robo, na kona ya mbali zaidi itakuwa kilomita 3.9. Vihisi vilivyo mipakani vitasikika na geitiwei mbili, nayo ni bima nzuri radi ikipiga moja.

Antena ya 5 au 6 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi) inatosha. Ile ya 12 dBi inabana mawimbi yake yawe membamba kama sahani, na vihisi vilivyo karibu chini ya mlingoti vinabaki gizani. Jambo linalokula mawimbi mengi zaidi ni kebo: mita 20 za RG58 zinapoteza desibeli 10 au zaidi kwenye masafa haya, yaani tisa ya kumi ya nguvu uliyoilipia. Pandisha geitiwei yenyewe juu ya mlingoti ndani ya boksi lake, kebo ya antena isizidi mita moja, halafu teremsha waya wa mtandao unaobeba na umeme.

Umeme: geitiwei inayovuta wati 5 inakula wati-saa 120 kwa siku. Sola ya wati 100 na betri ya litiamu aina ya LiFePO4 ya 12.8 V, 50 Ah vitaishikilia karibu siku nne bila jua, muda unaotosha kwa mawingu ya Desemba na Januari. Ukitumia betri ya asidi, nunua ya 100 Ah na usiishushe chini ya nusu. Radi ya Tabora usiifanyie mzaha. Weka kizuia radi kwenye kebo ya antena na kingine kwenye waya wa mtandao, na mlingoti uunganishwe na ardhi. Kichanga kikikauka hakipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja ya shaba haitoshi. Weka mbili au tatu, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo, na uzifunge pamoja.

Kuhusu intaneti: kifurushi cha simu kitakatika, nawe panga ukijua hivyo. Programu ya kawaida ya geitiwei ikikosa njia ya kufika kwenye seva, ujumbe uliopokelewa wakati huo unapotea moja kwa moja. Suluhisho ni kuweka seva ya ChirpStack, programu ya kuendesha mtandao wa LoRaWAN, kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hukohuko kwenye mradi, na geitiwei nne ziongee nayo kwa Wi-Fi ya masafa marefu au kwa redio za kuunganisha sehemu kwa sehemu. Data ihifadhiwe hapo, na mjini ipelekwe intaneti inapokuwepo. Tumia diski ya SSD. Kadi ya SD inayoandikwa usiku na mchana haimalizi misimu mingi.

Kupima mawimbi, na uongo wa kiangazi

Miombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua kabla ya mvua za Novemba. Ukipima Julai, unapima msitu unaopoteza majani. Machi msitu huohuo una majani, na majani yameloa, na maji yanameza mawimbi. Ukiweza, pima msimu wa mvua. Kama ratiba imekulazimisha kupima kiangazi, weka akiba ya desibeli 15 badala ya 10 za kawaida popote ambapo mstari unapita kwenye miti.

Upimaji ni rahisi lakini una masharti. Kihisi cha majaribio kikae kwenye urefu uleule vitakaokaa vihisi vya kweli, kwenye bomba la aina ileile, na si mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya pikipiki. Tuma jumbe 20 kwa kila sehemu kwa SF10, andika ngapi zimefika, na uandike tofauti kati ya mawimbi na kelele, ile inayoitwa SNR. Kikomo cha SF10 ni desibeli hasi 15. SF7 ni hasi 7.5, SF12 ni hasi 20. Ukisoma hasi 3 kwa SF10, una akiba ya 12. Sehemu 40 zilizochaguliwa vizuri zinatosha: kingo za eneo, nyuma ya misitu minene, na mabonde ya mpunga. Huna haja ya kupima zote 300.

Mezani

Hapa ndipo mtandao unapojengwa. Weka jedwali moja tu, na jedwali hilo ndilo lenye kauli ya mwisho. Kila mstari uwe na namba ya kihisi kuanzia 001 hadi 330 (nunua asilimia 10 ya ziada), DevEUI (utambulisho wa kifaa chenyewe), JoinEUI (utambulisho wa seva ya kujiungia), ufunguo wa siri wa AppKey, mahali kinapokwenda, aina ya udongo, volti ya betri siku ya kuiweka, na tarehe. Funguo zitengenezwe na programu fupi ya Python, kila kihisi na wake. Hakuna mtu wa kuchapa tarakimu 32 kwa mkono mara 300 bila kukosea, na kosa moja la hapa hugunduliwa kilomita 60 kutoka mjini.

Programu ya kihisi iwe moja kwa vyote. Kinachobadilika ni utambulisho tu, unaoandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa na programu ileile inayosoma jedwali. Faida yake ni kwamba kihisi 017 kikiharibika, unachukua cha akiba, unakisomesha mstari wake, basi. ChirpStack inakubali kusajiliwa vifaa kwa programu kupitia API yake, mlango wa programu kuongea na programu, hivyo vyote 330 vinasajiliwa kwa dakika chache kutoka jedwali lilelile.

Makosa matatu yanayorudi kila mara:

Mpangilio wa baiti. LMIC, maktaba ya msimbo wa LoRaWAN inayotumiwa sana kwenye bodi za Arduino, inataka DevEUI na JoinEUI ziandikwe kinyumenyume, baiti ya mwisho kwanza, lakini AppKey inaitaka kwa mpangilio wa kawaida. Kihisi kinapiga hodi bila kufunguliwa, nawe unadhani ni antena. Programu yako ya kuandika ndiyo igeuze, si kichwa cha fundi.

Hesabu ya kujiunga. Kwenye LoRaWAN 1.0.4 kila ombi la kujiunga hubeba namba inayopanda, na seva hukataa namba iliyokwisha kutumika. Ukifuta kumbukumbu ya kihisi na kukiandika upya, namba inaanzia sifuri na seva inakikatalia. Futa historia hiyo upande wa seva kila unapoandika upya kifaa.

Umeme wa usingizini. Kihisi hulala zaidi ya asilimia 99 ya maisha yake, kwa hiyo usingizi ndio unaoamua umri wa betri. Kwa mikroampia 10, mwaka mzima wa kulala unakula miliampia-saa (mAh) 88. Kutuma mara 48 kwa siku, kwa chipu inayovuta miliampia 40, kunaongeza kama 12 mAh kwa mwaka kwa SF7, 72 kwa SF10 na 289 kwa SF12. Betri ya litiamu ya saizi ya AA, ile ya 3.6 V, ina kama 2,400 mAh, kwa hiyo hata ukigawa hesabu kwa mbili kwa ajili ya kusikiliza, joto na betri kujimaliza yenyewe, bado una miaka kadhaa. Lakini acha taa ndogo nyekundu na kirekebisha volti cha bei rahisi kwenye bodi vivute miliampia 3: betri hiyohiyo inakufa siku ya 33. Pima kila kihisi kwa mita inayosoma mikroampia. Kinachozidi 20 hakitoki mjini.

Betri hizo za 3.6 V zina tabia nyingine. Zikikaa ghalani miezi mingi, ndani hujengeka utando, na siku ya kwanza ya kutuma volti inaporomoka, kihisi kinajizima, kinawaka, kinaomba kujiunga tena, kinazima. Kwenye seva utaona maombi ya kujiunga yasiyoisha. Weka kapasita ya kusaidia mshtuko wa kutuma sambamba na betri, na uiamshe betri iliyokaa sana kwa kuipa mzigo wa ohmu 100 kwa dakika moja kabla ya kuifunga.

Viwashe vihisi kwa makundi. Vyote 300 vikiamka pamoja, vinaomba kujiunga pamoja, na geitiwei inajibu kimoja kimoja. Jibu la kujiunga kwa SF12 linachukua sekunde 1.8, na palipo na kikomo cha asilimia 1 cha muda wa kutuma, geitiwei italazimika kukaa kimya karibu dakika tatu baada ya kila jibu. Kwa njia hiyo pekee, 300 ni saa 15. Kwa SF7 kazi hiyo ni dakika 36. Programu ya kihisi ianzie SF7 na kupanda taratibu, na isubiri muda wa kubahatisha kabla ya kila jaribio. Muda huo wa kubahatisha utakuokoa pia baadaye, seva ikizimika na kurudi.

Baada ya kujiunga, viache vyote vitume mezani saa 72. Visiwe jirani sana na geitiwei. Kwa mita moja mawimbi yanakuwa makali hadi geitiwei inasikia ujumbe mmoja kwenye chaneli ambazo hazikutumika. Weka chumba kingine. Vinavyoruka jumbe hapo, shambani vitaruka zaidi.

Lebo: namba kubwa isomeke kutoka mita mbili, na msimbo wa QR chini yake. Nyingine ndani ya boksi. Wino hufifia kwa jua la misimu miwili, kwa hiyo gonga namba pia kwenye kipande cha bati la alumini na kukifunga kwa waya. Ongeza maneno haya: "Kinapima unyevu wa udongo. Hakina kamera wala sauti." Maswali yatapungua, na vihisi vitaibiwa mara chache zaidi. Kihisi kisicho na sola kina usalama zaidi. Kioo kinachong'aa kinaonekana kutoka barabarani.

Udongo una mawili

Kihisi cha bei rahisi cha unyevu, aina inayopima kwa kapasitansi, kinahitaji ukaguzi wake. Soma maandishi kwenye chipu: NE555 inataka zaidi ya volti 4, TLC555 inafanya kazi hata kwa 3.3. Kingo zake zilizokatwa hunyonya maji, na namba zinapanda wiki hadi wiki kama vile mvua haikatiki. Pakaa epoksi kingo zote na sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki, mara mbili, ikauke saa 24.

Usitumie kipimo kimoja kwa kichanga na kwa mbuga. Chukua sampuli tano za kila udongo kwa pete ya sentimita za ujazo 100, kuanzia kavu hadi iliyoshiba. Soma kihisi, pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Gramu zilizopotea ndizo mililita za maji: kutoka gramu 168 hadi 142 ni 26, yaani asilimia 26 ya ujazo. Kisha chora mstari wa kila udongo na kuuweka upande wa seva, usiuweke ndani ya kihisi, ili uweze kuusahihisha bila safari.

Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka, na ufa hupenda kufuata mwili wa kihisi. Hapo kinapima hewa na kukuambia pamekauka kuliko palivyo. Funga vya mbugani mvua zikiwa zimeanza na udongo umejifunga, ukimiminia tope la udongo uleule kuzunguka kihisi. Vya kichangani vifunge wakati wowote.

Siku ya kufunga

Wiki moja kabla, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, eleza kwenye mkutano, kisha uongee na wenye mashamba na wafugaji mmoja mmoja. Ng'ombe akikuta bomba jipya anajikuna. Mwenye ng'ombe akijua bomba ni la nini, atakusaidia kuliko uzio.

Panga vihisi kwenye kreti za 25 kwa mpangilio wa njia, cha mwisho kufungwa kikiwa chini. Kila timu iwe na watu wawili: mmoja anachimba na kusimamisha, mwingine anashika kifaa na jedwali. Mabomba ya robo tatu ya inchi, urefu wa mita mbili, yakatwe na kutobolewa mjini. Nguzo ya mti usitumie, mchwa wa Tabora hawabakizi kitu.

Mpangilio wa dakika 12 ni huu:

1. Chimba sentimita 50, simamisha bomba, shindilia kwa mawe na udongo. Zege si lazima isipokuwa mbugani.
2. Zika vihisi vya udongo, kina cha sentimita 15 na 40, nusu mita kutoka kwenye bomba. Maji ya mvua hutiririka kufuata bomba na kukudanganya.
3. Kebo ipite ndani ya bomba la plastiki hadi kwenye boksi. Panya buku hutafuna kila kilicho wazi.
4. Boksi lifungwe matundu yakitazama chini, kebo ikining'inia kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondokee chini. Pakiti ya silika ndani.
5. Antena isimame wima, juu ya kilele cha bomba. Ikilala ubavuni mwa chuma inapoteza mawimbi vibaya.
6. Vuta kizuizi cha betri. Taa iwake mara tatu ikishajiunga.
7. Soma QR kwa simu, simu ihifadhi namba, GPS na picha hata pasipo mtandao.

Hatua ya sita ndiyo inayokuruhusu kuondoka mahali pasipo na mtandao wa simu: jibu la seva limefika kwa kihisi, kwa hiyo njia zote mbili zinafanya kazi. Pasipowaka ndani ya dakika tano, usianze kutengeneza hapo. Funga cha akiba, andika, endelea. Kibovu kinatengenezwa mezani.

Matundu yote yasiyotumika yazibwe. Nyuki wa hapa hawachagui kati ya mzinga na boksi lako, na nyigu wa udongo huziba kila kitundu wanachokikuta. Kufikia Juni, fyeka duara la mita mbili kuzunguka kila bomba. Moto wa kiangazi ukipita kwenye nyasi ndefu, plastiki haibaki.

Wiki za mwanzo

Acha mfumo wa kurekebisha ngazi, ADR, ufanye kazi. Vihisi vyako havitembei, na seva itavishusha hadi SF ndogo inayotosha. Lakini weka akiba kubwa kwenye mipangilio ukiwa umefunga kiangazi. Kihisi kilichoshushwa hadi SF7 Oktoba kikiacha kusikika Januari hakijui mara moja kwamba hakisikiki: kwa kawaida husubiri jumbe 64 bila jibu, halafu 32 nyingine, ndipo hupanda ngazi. Kwa jumbe 48 kwa siku hizo ni siku mbili za ukimya. Usipande pikipiki siku ya kwanza.

Tazama namba za mfululizo za jumbe badala ya kutazama grafu. Kihisi kilichoruka kutoka 1,204 hadi 1,211 kimepoteza sita, na kihisi kinachopoteza jumbe mbili katika kumi kina tatizo hata kama grafu yake inapendeza. Kinachorudi sifuri mara kwa mara kinajizima: angalia betri na kapasita. Volti ya betri za 3.6 V usiitegemee kukuonya mapema. Hubaki palepale hadi karibu na mwisho kisha inaanguka. Hesabu jumbe zilizotumwa na ngazi iliyotumika, ndiyo inayokuambia kilichobaki.

Vihisi vingi vikinyamaza pamoja kwenye robo moja, ni geitiwei, na unaanza na sola yake. Vikinyamaza vilivyofuatana kwenye njia moja, uliza kama moto au mifugo imepita. Kimoja kikinyamaza peke yake, kiweke kwenye orodha, na safari ifanyike orodha ikifika vitano vya njia moja au mwezi ukiisha, kimojawapo kikitangulia. Chukua vya akiba viwili zaidi ya idadi hiyo, vikiwa vimeshaandikwa utambulisho kabla hujatoka mjini.